KUOTESHA UYOGA NYUMBANI KWA VIFAA RAHISI





 

Wanafunzi wetu wapendwa, wazazi na walezi watukufu, katika ukurasa huu wa kazi za mikono tumezoea kuwaletea mafunzo ya ushoni, ususi wa mikeka na bustani ya mboga. Mara hii tumechagua kuotesha uyoga. Tumelichagua somo hili kwa sababu tatu. Kwanza, uyoga ni kitoweo kizuri na hauhitaji shamba. Pembe moja ya nyumba yenye kivuli inatosha. Pili, chakula chake ni mabua na makapi ambayo wengi wetu huyachoma moto baada ya mavuno. Tatu, sisi wenyewe hapa madrasa tumeifanya kazi hii, tukaharibikiwa, tukarudia na kufanikiwa. Tumeona si vizuri kuficha yaliyotupata, kwa kuwa msomaji atafaidika na kosa letu kuliko atakavyofaidika na sifa zetu.

UYOGA NI KITU GANI?

Tulipowauliza wanafunzi wa darasa la nne kama uyoga ni mmea, wote walinyoosha mikono na kusema ndiyo. Hata vitabu vya zamani viliuweka pamoja na mimea. Lakini mwaka 1969 mwanasayansi wa Marekani, Robert Whittaker, alipendekeza viumbe vigawanywe katika makundi makuu matano, na jamii ya uyoga na ukungu ikapewa kundi lake peke yake. Hadi leo wanasayansi wanakubaliana kwamba uyoga si mmea wala si mnyama.

Tofauti yake na mmea ni hii. Mmea una rangi ya kijani, nao hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Uyoga hauna rangi hiyo, hivyo hauwezi kujipikia. Unakula kilichokwisha tengenezwa na wengine: mabua, magogo, majani makavu. Kuta za mwili wake zimejengwa kwa kitu cha jamii ileile inayojenga gamba la panzi na la kaa. Subhanallah!

Kile tunachokiona na kukichuma ni kama embe tu. Mwembe wenyewe umejificha. Ndani ya bua kuna nyuzi nyembamba nyeupe zinazotambaa na kusukana kama utando wa buibui. Huo utando ndio uyoga hasa. Unapokuwa umeshiba na kupata hewa, unyevu na mwanga kidogo, ndipo unapotoa ile miavuli. Chini ya mwavuli kuna vijikunjo, na katika vijikunjo hutoka vijimbegu vidogo mno kama vumbi, vinavyopeperushwa na upepo kwenda kuanza maisha mahali pengine.

Ukilielewa jambo hili moja, yaani kwamba utando ndio mti na mwavuli ndio tunda, basi umeelewa nusu ya somo. Kazi yote ya mkulima ni kuulisha utando mpaka ushibe, kisha kuusubiri uzae.

UYOGA KATIKA HADITHI

Wanafunzi wengi wametuuliza juu ya Hadithi iliyopokewa na Said bin Zayd (R.A.), iliyomo katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa kam'a ni katika manna na kwamba maji yake yana ponyo la jicho. Neno kam'a mara nyingi hufasiriwa kwa Kiswahili kuwa ni uyoga. Tafsiri hiyo si mbaya, lakini inahitaji maelezo.

Kam'a ya majangwa ya Arabuni haina kikonyo wala mwavuli. Ni duara kama kiazi mviringo, na hukua chini ya mchanga karibu na mizizi ya vichaka vidogo baada ya mvua. Watu wa Saudia, Kuwait na Iraq hutoka kwenda kuichimba mpaka leo. Iko katika jamii kubwa ya uyoga, lakini si uyoga huu wa kwetu. Kwa hiyo tunawaonya wanafunzi wetu: asije mtu akakamua uyoga wa bustanini au wa porini akatia maji yake machoni kwa kudai kuwa anafuata Hadithi. Jicho likiuma, mpeleke mgonjwa kwa daktari wa macho.

TAHADHARI YA UYOGA WA PORINI

Hapa tunaomba kila mmoja asome kwa makini, na asiyejua kusoma asomewe.

Siku moja baada ya kufundisha somo hili, vijana wawili walitujia asubuhi na mfuko uliojaa uyoga mweupe, mzuri wa kutazama, waliouchuma pembeni mwa mto. Walitaka tuupike tuule pamoja. Tuliwashukuru kwa bidii yao, tukachimba shimo, tukaufukia wote. Vijana walinuna. Tukakaa nao chini tukawaeleza haya tunayowaandikia nyinyi.

Kuna uyoga wa porini wenye sumu ya kuua, na kwa sura unafanana sana na ule unaolika. Sumu ya aina zile kali zaidi haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Ubaya wake mwingine ni kuwa haionekani mapema. Mtu hula akalala salama. Dalili huanza baada ya saa 6 hadi 24, akatapika na kuharisha sana. Kisha huweza kupata nafuu kwa siku moja hivi, watu wa nyumbani wakamshukuru Mungu, kumbe ini linaharibika ndani kwa ndani.

Zipo imani nyingi mitaani za kupima uyoga. Wengine husema ukiona konokono au kima ameula, basi ni salama. Wengine hutia kijiko cha fedha au kitunguu saumu katika chungu, wakiona rangi haikubadilika hula. Imani hizi zote si za kweli. Konokono hula uyoga unaomuua mwanadamu, naye asidhurike.

Wako wazee wetu, hasa akina mama wa sehemu za miombo, wanaoujua uyoga wa porini kwa elimu waliyoirithi, na hatuwadharau. Lakini elimu ile haipatikani kwa kusoma ukurasa mmoja wa jarida. Mtoto asichume, na mzazi asimpikie mtu uyoga asioujua. Ikitokea mtu amekula na ameanza kuumwa, au hata kama hajaanza kuumwa ila mna shaka, mkimbizeni hospitali na mchukue mabaki ya uyoga ule mumwoneshe mganga.

Ndiyo sababu tunafundisha kuotesha. Ukinunua mbegu inayojulikana, ukaiotesha mwenyewe, unajua unachokitia chunguni. Hata hivyo, ukiona katika chombo chako umeota uyoga wa sura nyingine, utupe.

AINA TULIYOICHAGUA

Uyoga unaofaa zaidi kwa anayeanza ni ule unaoitwa mamama. Mwavuli wake ni mpana kama sikio, mweupe au wa kijivu, na huota kwa vishada. Aina hii ilianza kuoteshwa na watu nchini Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, chakula kilipokuwa haba, na sasa imeenea ulimwenguni kote. Inapenda joto la nyuzi 20 hadi 28, jambo linaloifaa sehemu kubwa ya nchi yetu.

Mamama hula karibu kila aina ya makapi: mabua ya mpunga, ya ngano na ya mahindi, majani makavu ya migomba, maganda ya mbegu za pamba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamewahi kuotesha uyoga hata katika makapi ya mkonge. Sisi hapa Morogoro tulitumia mabua ya mpunga kwa kuwa yanapatikana kwa wingi.

Aina nyingine, ule mweupe wa mviringo kama kifungo unaouzwa katika maduka makubwa, huoteshwa katika mboji ambayo aghalabu hutengenezwa kwa samadi ya farasi au ya kuku. Mamama hauhitaji samadi, na hili limewaridhisha wazazi waliokuwa na wasiwasi juu ya tohara.

Ama ule uyoga mkubwa unaoota juu ya vichuguu wakati wa mvua, huo hulimwa na mchwa wenyewe chini ya ardhi. Mchwa huupelekea majani, nao uyoga huyageuza kuwa chakula chao. Haujapatikana ujuzi rahisi wa kuuotesha nyumbani bila ya mchwa. Katika kazi hii mdudu ametutangulia.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

1. Mabua makavu ya mpunga, masafi, yasiyonyeshewa mvua wala kuota ukungu.
2. Ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko.
3. Pipa au sufuria kubwa, kuni au mkaa, na kiroba cha kuchemshia.
4. Mbegu ya uyoga, ambayo ni punje za nafaka zilizotandwa na utando mweupe. Inunuliwe kwa wanaoitengeneza katika maabara. Iwe nyeupe yote, isiyo na doa la kijani au jeusi, na isiwe na harufu ya kuchacha.
5. Pamba safi, sabuni, na panga au kisu.
6. Chupa ya kunyunyizia maji.

Wengi hutumia mifuko ya plastiki badala ya ndoo. Mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata isingekuwa hivyo, tunaipenda ndoo kwa kuwa huoshwa ikatumika tena na tena. Ndoo yenye mpasuko isiyofaa tena kuchotea maji inafaa sana.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Kuandaa ndoo. Toboa matundu yenye upana wa sentimita 1 kuizunguka ndoo, yapishane kwa sentimita 15 hadi 20. Toboa mengine madogo manne chini ili maji yachuruzike. Ioshe kwa sabuni, iache ikauke.

Hatua ya 2: Kukata na kuloweka. Katakata mabua yawe na urefu wa sentimita 3 hadi 5. Yaloweke katika maji safi usiku mzima.

Hatua ya 3: Kuchemsha. Yatie mabua katika kiroba, uyazamishe katika pipa la maji na kuyawekea jiwe juu yasielee. Tangu maji yaanze kuchemka, hesabu saa moja na nusu hadi mbili. Lengo ni kuua ukungu na wadudu walioko katika mabua, ili mbegu yetu ikute nyumba tupu isiyo na mpinzani.

Hatua ya 4: Kuchuja na kupoza. Ning'iniza kiroba mahali safi, maji yachuruzike. Kisha chukua mabua kidogo ukamue kwa nguvu katika kiganja. Yakitoka matone mawili matatu tu, yako tayari. Maji yakitiririka, ngoja. Usipotoka hata tone, yamekauka mno. Hakikisha pia yamepoa kabisa. Ukiingiza mkono katikati ya kiroba usihisi joto.

Hatua ya 5: Kupanda. Osha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, funga mlango na madirisha upepo usilete vumbi. Weka tabaka la mabua la sentimita 5 hadi 8, ushindilie kidogo, kisha nyunyiza mbegu, zaidi pembeni karibu na matundu. Endelea tabaka kwa tabaka mpaka ndoo ijae, na tabaka la juu kabisa liwe la mabua. Kwa kila kilo 20 za mabua yaliyolowa, tumia kilo 1 ya mbegu. Ndoo moja ya lita 20 huchukua kiasi cha gramu 300 hadi 400. Funika ndoo, ziba matundu ya pembeni kwa pamba.

Hatua ya 6: Kulea gizani. Weka ndoo chumba chenye giza, kisafi, kisicho na panya, kwa wiki tatu hadi nne. Usimwagie maji. Usifunue kila siku kutazama. Utando ukienea, mabua yote yatakuwa meupe kama yaliyofungwa kwa uzi wa pamba.

Hatua ya 7: Kuzalisha. Toa pamba, hamishia ndoo mahali penye mwanga hafifu na hewa inayopita, pasipopigwa na jua. Nyunyizia maji sakafu, kuta na hewa ya chumba mara mbili au tatu kwa siku. Wakati wa joto, tundika magunia mabichi kuzunguka. Baada ya siku chache utaona vitufe vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti vikichungulia katika matundu.

Hatua ya 8: Kuvuna. Vitufe hukua upesi. Katika siku tatu hadi tano huwa tayari. Vuna kabla ukingo wa mwavuli haujanyooka na kuanza kujikunja juu. Shika kishada chote chini, kizungushe taratibu kitoke. Usiache kisiki, kwani kitaoza. Endelea kunyunyiza maji. Baada ya siku saba hadi kumi utavuna tena. Ndoo huzaa mara mbili hadi nne, kisha mabua yaliyobaki huwa mboji nzuri ya bustani.

YALIYOTUPATA SISI

Sasa tuwasimulie tuliyoahidi. Mara ya kwanza tulipanda ndoo 12. Ndoo zenyewe tuliazimwa na wazazi, na fedha za mbegu tulizitoa katika mchango uliokuwa umekusanywa kwa ajili ya kuezeka upya banda la wasichana. Tulikuwa na yakini kuwa baada ya miezi miwili fedha zitarudi na faida juu.

Siku ya kupanda, kuni zilikuwa chache. Tulichemsha mabua kwa muda usiofika saa moja, tukasema inatosha. Jua lilikuwa linakuchwa na tulitaka kumaliza kabla ya adhana ya Maghrib, kwa hiyo tukaanza kutia mbegu mabua yakiwa bado na uvuguvugu. Mmoja wetu alisema tungoje mpaka baada ya Isha. Hatukumsikiliza.

Baada ya wiki moja, madoa ya kijani yalianza. Wiki ya pili harufu ya uvundo ilitukaribisha mlangoni. Ndoo tisa ziliharibika, na zile tatu zilizobaki zilitoa uyoga ambao haukutosha hata futari ya walimu.

Tuliitisha kikao cha wazazi. Ilikuwa rahisi kusema kuwa mbegu ilikuwa mbovu, na kwa kweli mmoja wetu alishauri tuseme hivyo. Lakini aliyetuuzia mbegu hakuwa na kosa, na fedha ilikuwa amana ya watu. Tukasimama tukaeleza kila kitu kama kilivyokuwa.

Kikao kilikuwa kimya. Kisha bibi mmoja anayeuza maandazi, mwenye wajukuu wawili hapa madrasa, akatuuliza, "Ustadhi, hiyo mbegu yenu mliitia mabua yakiwa ya moto?"

Tukamjibu, "Yalikuwa na uvuguvugu, bibi."

Akatikisa kichwa. "Mimi nakanda maandazi kabla hamjazaliwa. Hamira ukiitia katika maji ya moto inakufa, unga hauumuki. Nyinyi mbegu yenu hamkuipanda, mmeipika."

Watu walicheka, nasi tukacheka nao. Baadaye tulifuatilia, tukakuta bibi amesema kweli kuliko alivyojua mwenyewe, kwa sababu hamira nayo ni ndugu wa uyoga. Ni kiumbe hai wa jamii moja nao. Mbegu ya uyoga hufa kwa joto kali kama hamira inavyokufa, na mbegu ikishakufa, ukungu wa kijani huja kurithi nyumba.

Wazazi walitusamehe na wakaturuhusu kujaribu tena, kwa sharti moja: yule bibi awe msimamizi wa kupoza. Mara ya pili hakuna aliyethubutu kufungua mfuko wa mbegu mpaka bibi aingize mkono katika kiroba na kusema, "Haya, Bismillahi." Ndoo kumi na moja kati ya kumi na mbili zilitoa. Fedha za banda zilirejea kwa taratibu, na bati zimeshapigwa, Alhamdulillah.

DALILI ZA MATATIZO NA TIBA YAKE

Madoa ya kijani: mabua hayakuchemka vya kutosha, au mikono haikuwa safi. Ndoo iliyoathirika itolewe nje mara moja, mbali na nyingine. Msidharau ukungu lakini, maana jamii yake pia ina manufaa. Mwaka 1928 mjini London, daktari Alexander Fleming aliona ukungu umeingia katika sahani yake ya majaribio na kuua vijidudu vilivyoizunguka. Kutokana na ukungu ule ikapatikana dawa ya penisilini.

Harufu ya uvundo na majimaji: mabua yalipandwa yakiwa na maji mengi.

Vikonyo virefu na miavuli midogo: hewa haitoshi. Fungua dirisha.

Miavuli kupasuka na kukauka: unyevu hautoshi. Ongeza kunyunyiza.

Nzi wadogo: weka wavu madirishani na usafi chumbani.

Jambo jingine la afya: uyoga uliokomaa sana hutoa vijimbegu vingi kama moshi mweupe. Mtu akivivuta kila siku katika chumba kilichofungwa huweza kukohoa na kubanwa kifua. Kwa hiyo vuna mapema, ziba pua kwa kitambaa, na mtoto mwenye pumu asilale chumba cha uyoga.

KULA, KUHIFADHI NA KUUZA

Uyoga mbichi una maji mengi. Katika kila gramu 100, karibu gramu 90 ni maji. Kilichobaki kina protini, vitamini za jamii ya B na madini. Ukiuanika juani kwa muda kabla ya kuupika, huongezeka vitamini D. Usiuleni mbichi. Ukatekate, uuoshe haraka, uukaange na kitunguu na nyanya, kisha umalizie kwa tui la nazi. Kwa wali ni kitoweo kamili.

Usihifadhiwe katika mfuko uliofungwa bila hewa, utatoa jasho na kuoza. Uweke katika karatasi au kikapu mahali pa baridi. Ukizidi, uanike mpaka uvunjike kama kijiti kikavu. Kilo 10 za uyoga mbichi hutoa takriban kilo 1 ya mkavu.

Na katika kuuza, tunalo la kuungama pia. Siku moja mteja alirejesha uyoga wake umeteleza na kunuka kabla ya jua kuchwa. Tulipouliza, kijana wetu mmoja alikiri kuwa aliunyeshea maji kabla ya kupima ili mizani ipande. Tulimrudishia mteja fedha yake yote, na darasa zima tukarudia kusoma Suratul Mutaffifin pamoja na maana yake. Kijana yule hakufukuzwa. Leo yeye ndiye anayeshika mizani, na wateja wanamwamini.

HITIMISHO

Wanafunzi wetu wapendwa, ndoo moja ya uyoga haitamtajirisha mtu. Lakini itampa mama yenu kitoweo siku ambayo mfuko ni mtupu, na itawafundisha subira ambayo hatuwezi kuwafundisha ubaoni. Anzeni na ndoo moja. Ikiharibika, tafuteni sababu, semeni ukweli, mrudie. Kula kutokana na kazi ya mikono yako ni jambo ambalo Mtume (S.A.W.) amelisifu, na ametaja kuwa Nabii Daudi (A.S.) alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake.

MASWALI YA ZOEZI

1. Kwa nini uyoga hauhesabiwi kuwa mmea? Taja tofauti mbili.
2. Eleza tofauti kati ya kam'a na uyoga wa mamama.
3. Jirani anasema uyoga ulioliwa na konokono ni salama kwa binadamu. Utamjibu nini?
4. Mabua makavu kilo 2 yalilowekwa yakawa kilo 7. Maji yaliyoingia ni kilo ngapi? Ukitumia kilo 1 ya mbegu kwa kilo 20 za mabua yaliyolowa, utahitaji gramu ngapi?
5. Kilo 1 ya mabua makavu hutoa nusu kilo hadi kilo 1 ya uyoga mbichi katika mivuno yote. Ndoo 12 zenye mabua makavu kilo 2 kila moja zitatoa kati ya kilo ngapi na ngapi?
6. Kwa nini bibi alisema mbegu "ilipikwa"? Jibu kwa kutumia mfano wa hamira.

Majibu yaandikwe katika daftari la kazi za mikono na yaoneshwe kwa mwalimu wa darasa.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.